Buti Zilizokufa kwa Kutunzwa

Rafiki yangu huyu tunamwita Stoo. Kitu kikiingia mikononi mwake hakichakai: kinafutwa, kinakunjwa, kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko unaingia kwenye boksi, boksi linaandikwa jina na tarehe kwa kalamu ya maka. Ukimuuliza kwa nini hakitumii, jibu ni lile lile: "Kitunze kikutunze, ndugu yangu." Sasa sikiliza jinsi vilivyomtunza.

Hatua yetu ya siku hiyo, kwenye njia ndefu ya vilima ambayo watu huimaliza kwa wiki nzima, ilikuwa kilomita 24, na ukijumlisha miinuko yote unapata mita 1,200 za kupanda. Muda tuliupigia hesabu kwa kanuni ya Naismith, yule Mskoti William Naismith aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Yeye mwenyewe alitumia maili na futi, hizi ni namba zilizonyooshwa. Kilomita 24 zinakupa saa 4 na dakika 48, mita 1,200 zinakupa saa 2, jumla saa 6 na dakika 48. Weka na saa moja na nusu ya kupumzika, kula na kubishana juu ya ramani. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika kambini saa tisa na dakika 18 alasiri, jua lingali juu. Kanuni nzuri sana. Kasoro yake ni moja tu: inachukulia kwamba mtembeaji ana soli.

Asubuhi Stoo alizitoa buti zake mbele ya kambi nzima. Alizifungua kwenye mfuko mkubwa mweusi wa plastiki uliobandikwa karatasi, BUTI, na chini yake mwaka ambao sisi wengine tulishausahau. Zilikuwa zinang'aa. Ngozi imepakwa nta, kamba mpya, meno ya soli bado yana vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Alizivaa safari moja, akazisafisha, akazifungia humo. Watu walizisifu, na yeye akaukunja ule mfuko kwa pembe nne, akautia begini.

Kilomita ya tisa, tukiwa tumemaliza mlima wa kwanza, Stoo akasimama ghafla akanishika mkono.

"Kuna mtu nyuma yetu."

Tukageuka. Hapakuwa na mtu. Tukaendelea, akasimama tena. "Bwana, mimi nasikia nyayo. Pwa, pwa. Tukisimama naye anasimama." Alikuwa na hakika kabisa, na sauti kweli ilikuwepo. Nikamwambia atangulie peke yake hatua kumi. Akatangulia. Kisigino cha buti yake ya kushoto kilikuwa kinafunguka na kujifunga kila akiinua mguu, na soli ikimpiga makofi kwa nyuma.

Hapo watu wengi hulaumu gundi. Gundi mara nyingi haina kosa. Buti nzito ya mlima ina tabaka tatu chini ya unyayo: soli ya nje ya mpira yenye meno, juu yake soli ya kati inayomeza mishtuko, halafu ubao wa ndani ulioshikana na ngozi. Soli ya kati ya buti nyingi za aina hii ni poliurithani, aina ya plastiki ya sponji, na poliurithani huliwa na unyevu wa hewani. Maji yanakata minyororo ya kemikali taratibu, wataalamu wanaita haidrolisisi, mpaka siku moja ile sponji ngumu inabaki unga. Kuiharibu hakuhitaji hata hatua moja ya kutembea. Joto linaongeza kasi, na mfuko uliofungwa unaufungia unyevu humo humo pamoja na buti. Umri wake kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na kumi, uzivae usizivae. Tena zinazovaliwa mara kwa mara mara nyingi ndizo hudumu, kwa sababu kujikunja kunakamua unyevu na hewa inapita. Hizo hufa kwa kuisha meno, kifo cha heshima. Za Stoo zilikufa kwa upweke.

Nilipoingiza kidole kwenye ule mpasuko, soli ya kati ilimomonyoka kama keki ya juzi. Vipande vilikuwa vimeganda juu na chini, gundi bado imeshika pande zote mbili barabara. Kilichokatika ni katikati.

Kipimo chake hakichukui dakika moja, na hufanyika nyumbani, wiki mbili kabla. Bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa gumba. Nzima inarudi, iliyooza inabaki na alama au inatoa chembe. Halafu ikunje buti kwa mikono miwili mpaka pua ielekee juu, uangalie nyufa ndogo pale mbele. Mwisho shika kisigino cha soli ukivute chini kwa nguvu. Kikikubali, mshukuru Mungu kimekubali ukiwa sebuleni. Soli za kati za EVA, sponji ya aina nyingine, ile ya viatu vyepesi, hazina ugonjwa huu. Zenyewe hubonyea tu na kuchoka.

"Sasa na hii ya kulia tuifunge mapema," nikamwambia. Zilizaliwa siku moja, zimekaa boksi moja. Ya kwanza ikiachia, ya pili iko njiani, na kuifunga kabla haijaachia ni kazi rahisi mara kumi.

"Ya kulia ni nzima. Tepu itaharibu ngozi."

Basi tukashughulikia ya kushoto pekee. Nilikuwa nimezungushia mita mbili za tepu ya kitambaa kwenye fimbo ya kutembelea, mahali pake pazuri, maana roli zima ni mzigo wa bure. Tukazungusha mbele na nyuma, akapiga miguu chini, akatangaza kwamba imekuwa bora kuliko mwanzo. Haikumaliza kilomita. Tepu haishiki kwenye vumbi na umande, na hata ikishika, chini ya unyayo pale mbele ndipo uzito wote unapogeukia kila hatua, mawe yanaikata. Ikaachia, na mabaki yake yakaendelea kudondoka kipande kipande nyuma yetu mchana kutwa. Vikumbuke hivyo vipande.

Dawa yenyewe ni kamba. Unahitaji kama mita mbili kwa kila buti, unene wa milimita 3 hivi, kamba ya hema inafaa, kamba za spea za viatu pia. Nikauliza nani ana kamba. Stoo akatoa kwenye begi kamba nyekundu, mpya, mita 10, bado imo kwenye karatasi yake ya dukani.

"Safi. Lete kisu."

"Kisu cha nini?"

"Tuikate."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Nikiikata haitakuwa mita kumi tena."

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Tukazungumza pale juu ya mlima, upepo ukituchapa, kwa muda ambao Naismith hakuuwekea kanuni. Kilichomaliza mjadala ni buti ya kulia, ile nzima. Iliachia kutoka mbele, kwenye pua, akaikanyaga soli yake mwenyewe kwa mguu wa pili, akausujudia mlima mbele yangu. Alipoinuka alikuwa ameshika kisu.

Namna ya kufunga ni hii, na ifuate kwa mpangilio huu kwa sababu kamba iliyozungushwa ovyo inateleza baada ya hatua hamsini. Kwanza komba chembe zote zilizolegea, zikibaki zinasaga kilichosalia. Rudisha soli mahali pake. Kunja kamba katikati, na ile sehemu ya katikati ipitishe chini ya soli mbele, ndani ya mfereji kati ya meno, isiguse ardhi moja kwa moja. Ncha zote mbili zilete juu, zipishane juu ya vidole, zizungushane mara mbili. Zishushe tena zipite chini kwenye ule uvungu ulio mbele ya kisigino. Uvungu huo ndio rafiki yako mkubwa, haugusi chini, kamba inayopita hapo inaweza kudumu siku nzima. Zipishane hapo chini, zipande, zizunguke nyuma ya kisigino juu ya ukingo wa soli, zirudi mbele kwenye kulabu za buti, fundo maradufu likae upande wa nje wa kifundo ili miguu isikwaruzane. Kaza huku mguu umo ndani ya buti na umesimama. Ukikaza ukiwa umekaa, ukisimama damu haipiti. Vidole vikianza ganzi, legeza. Kama una zile kamba za plastiki za kujifunga, ziunganishe mbili mbili ndipo zitoshe mzunguko, na kichwa chake kikae juu au ubavuni. Kikikaa chini utatembea juu ya kokoto uliyojifungia mwenyewe.

Baada ya hapo unakagua kila nusu saa. Kwenye mteremko soli inataka kusukumwa mbele, kwa hiyo ile kamba ya vidole ndiyo ya kwanza kulegea. Na mwendo wa kilomita 5 kwa saa sahau. Kwa kamba ni kilomita 3, ukijitahidi. Stoo alitembea akihesabu kwa sauti urefu wa kamba uliobaki.

Mvua ikaja saa saba mchana. Sikuwa na wasiwasi, koti la Stoo lilikuwa la bei mbaya, la utando ule unaozuia maji na kuruhusu jasho kutoka. Alilivaa. Nikasikia harufu ya maua.

"Umelifua?"

"Kila baada ya kulivaa, ndugu yangu. Sabuni ya unga, halafu lile dawa la kulainisha."

Koti la namna hiyo lina ulinzi wa aina mbili. Utando uko ndani. Nje, kwenye kitambaa, kuna dawa inayofanya matone yajikusanye na kubiringika chini. Mabaki ya sabuni ya kawaida yanaifanya ile nguo ya nje ivute maji, na dawa ya kulainisha ndiyo mbaya zaidi. Kitambaa kinalowa, na utando ukifunikwa na blanketi la maji, jasho halina pa kutokea. Linageuka matone ndani. Mwenye koti anaapa kwamba linavuja. Anatota kwa maji yake mwenyewe. Tiba iko nyumbani: sabuni maalumu, au ya maji isiyo na manukato wala vilainishi, suuza mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha, halafu joto la wastani kwa kadiri lebo inavyoruhusu, maana joto huiamsha ile dawa ya nje. Matone yakiendelea kuzama badala ya kubiringika, paka dawa mpya.

Mlimani hakuna tiba. Kuna mfuko wa plastiki. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7 hivi, na mtu aliyelowa kwenye upepo hachezewi, kwa hiyo ule mfuko mkubwa mweusi ukatobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono, akauvaa ndani ya koti juu ya sweta. Koti halikufungika vizuri. Kifuani, kwenye uwazi wa zipu, ilionekana ile karatasi: BUTI, na mwaka wake.

Saa tisa na dakika 18, wakati ambao kwa kanuni tungekuwa tunavua viatu, tulikuwa kwenye shingo ya mlima, pale mgongo unapobonyea kati ya vilele viwili, na ukungu umeshuka mpaka kwenye nyusi. Zilibaki kilomita 8. Tulikaa nyuma ya jiwe kubwa, tukala, tukageukageuka kukimbia upepo, na tulipoinuka hakuna aliyejua tulitokea upande gani. Jambo la kawaida hilo. Ndiyo maana kuna dira. Ramani ilisema twende nyuzi 20, yaani kaskazini na kidogo mashariki. Stoo akafungua pochi yake ya kiunoni, akatoa dira. Ilikuwa imelala humo, kifua kwa kifua, na simu yake yenye kava la kufungika kwa sumaku. Aliziweka pamoja ili dira isipotee.

Alipiga mwelekeo vizuri kabisa, hilo lazima nimpe. Dira usawa wa kifua, bamba bapa, sindano ikatulia haraka ndani ya alama yake. Tukaufuata mshale. Baada ya robo saa tukakuta kipande cha tepu njiani. Stoo akakiokota, akakitazama kwa huruma.

"Masikini. Kuna mwingine naye buti zimemwachia."

Mbele kidogo kingine. "Huyu hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu."

Cha tatu kilikuwa na chembe za soli juu yake, na nilianza kumfahamu yule masikini. Ila kipande cha tepu si ushahidi wa kutosha kumshtaki nacho mtu aliyevaa mfuko, kwa hiyo nikatafuta mashahidi wengine. Ramani ilionyesha kwamba ukitoka kwenye ile shingo kuelekea kaskazini, mistari ya kontua inabanana na ardhi inapanda. Sisi tulikuwa tunashuka. Halafu ukungu ukapasuka kidogo, jua likaonekana, sahani nyeupe tu. Saa kumi kasoro alasiri jua liko upande wa magharibi popote ulipo. Anayekwenda kaskazini linakuwa mkono wake wa kushoto. Letu lilikuwa kulia.

Simu yangu ilikuwa imeshazima. Baridi huzinyong'onyeza betri za lithiamu. Ya Stoo alikuwa ameizima mwenyewe tangu asubuhi, kutunza chaji, na iliwaka ikiwa na asilimia 98. Ramani hakuwa ameipakua. Tukaona nukta ya buluu katikati ya ukijivu mtupu. Lakini setilaiti hazihitaji mtandao, na programu nyingi zinakuonyesha namba za latitudo na longitudo ukizitafuta. Unazipeleka kwenye gridi ya ramani ya karatasi na unajua ulipo. Tulikuwa mita 850 kutoka kwenye lile jiwe tulilokula, upande tuliotoka asubuhi.

Sindano ya dira ni kipande chembamba cha chuma chenye usumaku wake. Kikikaa karibu na sumaku yenye nguvu, kava la simu, spika, bizimu ya begi, usumaku wake unaweza kupinduliwa: kusini ikawa kaskazini. Ikipinduka nusu nusu sindano inakuwa mvivu, inazunguka bila kuamua, na hiyo angalau inakutia shaka. Ya hatari ni iliyopinduka kikamilifu. Inachangamka, inatulia haraka, inaonekana na afya kuliko wewe, na inakudanganya nyuzi 180 kamili. Kwa hiyo dira huwa upande mmoja wa mwili na simu upande wa pili, na kabla ya kuondoka kambini unaielekeza kwenye kitu unachokijua, barabara au kilele, uone inasema kweli. Kuirudisha kunawezekana nyumbani: sumaku unaiburuta juu ya kioo kutoka katikati ya sindano kuelekea ncha, upande mmoja tu, mara kadhaa, unapima, isipoamka kabisa, haifai tena. Mlimani, ukishathibitisha kwa njia mbili tofauti kwamba imepinduka yote, unasoma ncha nyeupe badala ya nyekundu.

Nilimweleza hivyo Stoo. Akaelewa mara moja, akageuza dira. Halafu, kwa kuwa ni mtu makini, akageuza na ramani.

Tulienda hatua thelathini nyingine kuelekea tulikotoka ndipo nikakiona kipande cha nne cha tepu.

Kurudi mpaka kwenye shingo na kupanda upande wa pili kulikula karibu saa nzima. Kamba zikakazwa mara mbili. Giza lilitukuta zimebaki kilomita 3, tukiwa tumeshashuka chini ya ukungu, njia inaonekana vizuri, kambi tunaona taa zake. Nikawasha tochi yangu ya kichwani. Stoo akatoa yake kwenye kisanduku chake cha plastiki, chenye sponji iliyokatwa kwa umbo la tochi. Akabonyeza. Kimya.

Tukafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na ukoko mweupe umeota juu ya spring'i. Betri za alkalini zikikaa muda mrefu hujiishia zenyewe polepole, gesi inajaa ndani, inasukuma kimiminika nje, nacho kikikutana na hewa kinakauka kuwa ule ukoko. Kinaunguza, usikiguse kwa mkono mtupu halafu ukajisugua jicho. Kwa kuwa ni alkali, huondolewa kwa kitu chenye uchachu kidogo, siki au maji ya limau kwenye pamba, kisha unakausha. Tochi ya kuwekwa huwekwa bila betri. Kama unataka kuibeba muda wote ikiwa tayari, betri za lithiamu za volti 1.5 huvuja kwa nadra na hustahimili baridi. Nilikwangua kwa ncha ya kisu. Spring'i ikakatika ikarukia majanini.

"Spea unazo?" nikauliza, japo hazingesaidia.

"Ninazo."

"Ziko wapi?"

"Nyumbani. Nimezitunza."

Watu wawili na tochi moja mnaweza kwenda. Mwenye taa anatembea nyuma, tochi anaivua kichwani anaishika usawa wa kiuno, inamulika ubavuni mwa aliye mbele. Mwanga wa chini unatupa vivuli virefu, mawe na mashimo yanajionyesha. Tulikuwa tunakwenda vizuri hivyo. Lakini Stoo alikuwa ameumia moyoni. Alisimama, akafungua pochi, akatoa filimbi ya chungwa, mpya.

"Hii haina gundi, haina sumaku, haina betri," akasema. Na kabla sijamfikia akaijaribu. Alipuliza kwa roho yote, mara sita. Akanyamaza asikilize mwangwi unavyokwenda bondeni, kama dakika moja hivi, akiwa amefumba macho. Akaupenda. Akapuliza sita tena.

Kutoka chini, mbali, zikajibu filimbi tatu.

"Umesikia mwangwi huo!"

"Stoo, mwangwi haupunguzi hesabu."

Sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia: hiyo ndiyo alama ya kuomba msaada iliyozoeleka kwenye milima ya Ulaya na kwingineko, kwa filimbi au kwa taa. Tatu kwa dakika ni jibu: tumekusikia, tunakuja. Nilipomweleza, jambo la kwanza alilopendekeza ni tuzime tochi tulale chini. Haifanyiki hivyo. Ukishajibiwa unakaa ulipo, unaacha taa ikiwaka, kwa sababu ukijificha wale watakutafuta usiku kucha na mmoja wao atavunjika mguu kwa ajili yako. Tukakaa. Taa mbili zikaanza kupanda kutoka kambini, kwa kasi ya kutia aibu.

Walifika baada ya nusu saa, wakihema: mama mmoja wa makamo mwenye begi la huduma ya kwanza, na kijana aliyebeba hema la dharura na kamba.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nani kaumia?"

Hakuna aliyejibu. Mama akainua tochi akammulika Stoo taratibu kutoka chini: soli mbili zimetazama pande tofauti, kamba nyekundu mpaka magotini, kwa kuwa mita zilizozidi alikataa kuzikata, mfuko mweusi, karatasi ya BUTI, uso. Akamgeukia kijana wake. "Anza na huyu."

"Mimi mzima, mama," akasema Stoo.

"Kama ni mzima, nani kapiga filimbi?"

Ya kwake ilikuwa imeshafutwa, imerudi kwenye kifuko chake, kifuko kimerudi kwenye pochi, zipu imefungwa. Yangu ilikuwa inaning'inia kifuani kwenye mkanda wa begi, mahali pake panapotakiwa, inang'aa kwenye mwanga wa tochi. Stoo akanyoosha kidole, akanielekezea mimi.